Nilirauka Alfajiri na Mapema

Kama ulisomea Kenya, hiyo sentensi unaijua. Pengine uliiandika darasa la sita, ukairudia la nane, kisha ukaingia nayo sekondari pamoja na sanduku la bati. Nilirauka alfajiri na mapema. Ndege walikuwa wakighani mtini. Nikakoga, nikavalia sare zilizopigwa pasi zikapigika, nikastaftahi kwa mayai, soseji na maziwa. Halafu kukatokea ajali, au wezi, au mimba. Mwishowe ikagunduliwa kwamba wahenga hawakukosea.

Mimi nimeiandika mara nyingi kuliko wengi wenu, kwa sababu nililipwa kuiandika. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa ajili ya karo, nilirudi nyumbani Makueni. Likizo zikifika nilifundisha tuisheni ya Kiswahili mjini Wote, na siku zingine mwenye saiba fulani alinipa kazi ya pembeni: insha za mfano, shilingi 150 kila moja. Yeye alizipiga chapa, akazitoa fotokopi, akawauzia wanafunzi wa Makueni na wa ng'ambo ya mto Athi, huko Kitui. Niliandika kama arobaini hivi. Hakuna hata moja yenye jina langu, na kwa hesabu ya nakala huenda ndizo kazi zangu zilizosomwa zaidi hadi leo. Kwa hivyo msidhani haya yanaandikwa na mtu aliyesimama kando akicheka.

Nataka tuisome insha ya mtihani jinsi tunavyosoma riwaya na mashairi hapa, yaani kama utanzu. Hebu fikiria ukubwa wake. Kiswahili ni somo la lazima kwenye KCSE. Karatasi ya kwanza humtaka kila mtahiniwa aandike insha mbili, kila moja alama 20, kwa saa moja na dakika arobaini na tano. Mwaka 2024 watahiniwa walikuwa zaidi ya 900,000. Hizo ni karibu insha milioni mbili, zote zimeandikwa siku moja. Mshairi gani anafikia hapo? Mwandishi gani wa riwaya? Kama utanzu huu una ugonjwa, basi ni ugonjwa wa lugha ambayo kizazi kizima kinajifunzia kuandika.

Sheria ambazo hazijaandikwa

Insha ya kwanza ni ya lazima na huwa ya kiuamilifu: barua, hotuba, tahariri, kumbukumbu za mkutano. Ya pili unaichagua katika tatu. Humo ndimo methali hukaa, na ile insha ya kuanza au kumalizia maneno uliyopewa. Hapo ndipo mapambo humwagika.

Ukisahihisha insha mia kwa wiki, unaanza kuona sheria ambazo hakuna aliyewahi kuziandika popote. Kwanza, wakati ni alfajiri. Hakuna kisa kinachoweza kuanza saa nane mchana. Pili, familia ni za aina mbili tu, matajiri wa kupindukia au mayatima. Ile familia ya katikati, ya baba aliye Mombasa anayetuma pesa mwezi huu na mwezi ujao anazima simu, haipo. Tatu, msichana akikaidi hupata mimba, mvulana akikaidi huvuta bangi, na wote huishia jela, hospitalini au kaburini kabla ya ukurasa wa tatu. Nne, neno la mwisho ni la mzee. Katika insha zote nilizosahihisha, sikumbuki hata moja ambamo mtoto alikuwa na haki na mzazi akawa amekosea.

Sheria ya tano ndiyo iliyonichukua muda kuiona: mahali hapapo. Insha zilizoandikwa na watoto wa Kibwezi, Mutomo, Mwingi na Emali hutendeka katika mji mmoja usio na jina, wenye minazi na upepo mwanana wa bahari. Watoto waliokulia kati ya mibuyu na migunga, kwenye udongo mwekundu unaoingia hadi ndani ya vitabu, wanaandika minazi. Aliyekunywa strungi na kula muthokoi uliolala anaandika soseji. Sina shida na mtu kuandika asichokiona, hiyo ni nusu ya fasihi. Shida ni kwamba bahari hawakuichagua. Walipewa pamoja na msamiati, kama vile unavyonunua sukari ukapewa na mfuko.

Na si kwamba eneo hili lilikosa waandishi wa kuiga. John Mbiti, ambaye vitabu vyake kuhusu dini za Kiafrika vinasomwa vyuo vikuu duniani, alizaliwa Mulango, Kitui. Kabla ya umaarufu huo alichapisha Mutunga na Ngewa Yake kwa Kikamba mwaka 1954, na mwaka 1966 akatoa Akamba Stories, mkusanyiko wa hadithi za kwao. David Maillu, mtu wa Makueni, ndiye aliyewafanya Wakenya wa miaka ya sabini wasome After 4.30 na My Dear Bottle bila kulazimishwa na mwalimu yeyote. Unaweza kubishana kuhusu Maillu mpaka kesho, lakini huwezi kusema watu wake hawana mahali wanapoishi. Sikumbuki kuwataja hawa wawili darasani hata siku moja. Wala sikuwahi kutamka neno ngewa, ambalo ndilo neno letu la kisa, mbele ya watoto ambao wote walilijua.

Kukariri si dhambi

Ni rahisi kusema kwamba tatizo ni maneno ya kukariri. Mimi sikubali. Kiswahili kimeishi na fomula tangu zamani. Tenzi za kale hufunguka kwa kumtaja Mungu, na mara nyingi mtunzi huomba aletewe karatasi na wino kabla hajaanza. Msikilizaji alijua yatakuja, akayangoja. Watoto bado wanajibu pakawa ukisema paukwa. Hakuna anayelalamika kwamba hiyo si asilia.

Tena kuna jambo ambalo wakosoaji wa Nairobi hulisahau. Kwa mtoto anayeota ndoto zake kwa Kikamba, kauli ya kukariri ni daraja. Nilikuwa na mvulana ambaye nyumbani pesa ni mbesa, na kwenye karatasi pia zilikuwa mbesa. Alikuwa na visa vizuri sana kichwani lakini hakujua jinsi ya kutoka aya moja kwenda nyingine. Nilimpa kufumba na kufumbua. Nikampa guu mosi guu pili. Akavuka. Insha yake ya kwanza iliyofika mwisho ilikuwa na kufumba na kufumbua tano, na nilifurahi kuliko yeye. Anayetaka kumnyang'anya mtoto huyo misemo yake amwambie kwanza atavukia wapi.

Tofauti ninayoiona ni hii. Katika utenzi, fomula ni mlango: ukishapita unaingia kwenye kisa chenyewe, vita fulani, kifo fulani, mtu fulani. Katika insha zangu za shilingi 150, fomula ilikuwa mlango, ikawa sebule, ikawa chumba cha kulala. Ukiondoa mapambo hubaki na kitu. Nilijaribu hilo na mojawapo nikiwa nimeboeka kwenye matatu: nikafuta kila kauli ambayo ingeweza kuwekwa kwenye insha nyingine yoyote. Zilisalia sentensi mbili, na moja ilikuwa kichwa.

Twiga wa Wamunyu

Ukitoka Machakos kwenda Kitui unapita Wamunyu. Huko ndiko alikotoka Mutisya Munge, ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikwenda Tanganyika, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, akarudi nao nyumbani. Baada yake vijiji vizima viliishi kwa uchongaji. Soko la watalii lilipokua, wachongaji walijifunza soko linataka nini: twiga, swala, na Mmasai aliyeshika mkuki. Mmoja anachonga, mwingine anapiga msasa, mwingine anapaka rangi. Mia kwa wiki, wote shingo moja.

Sisemi hili kwa dharau. Twiga amelipa karo. Amejenga nyumba za mabati Ukambani kote. Mchongaji anajua kabisa kwamba twiga huyo ni wa kuuza, na akitaka kuchonga kitu chake anajua tofauti. Ninachoogopa kuhusu insha ni kwamba mtoto hajui tofauti. Anachonga twiga tangu darasa la nne, akiambiwa kwamba huko ndiko kuandika.

Na mtihani wenyewe umewahi kuwapa wanafunzi kioo cha jambo hili. Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyotahiniwa hadi mwaka 2022, ina mchongaji aitwaye Sudi. Anatakiwa amchonge shujaa wa watawala wa Sagamoyo kwa ajili ya sherehe, kwa ahadi ya zawadi nono, na anakataa. Wenzake wanaona anajichimbia kaburi. Wanafunzi wangu waliweza kukueleza muktadha wa dondoo lolote humo: msemaji, msemewa, mahali, sababu, alama nne. Wengi walifanya hivyo bila kuifungua tamthilia yenyewe, kwa sababu mwongozo ulikuwa mwembamba na bei yake nafuu.

Siku moja mvulana ambaye mjomba wake huchonga aliinua mkono. Akasema, "Lakini mwalimu, si angechonga tu alipe karo?" Darasa likacheka. Ninavyoona sasa, huo ndio uhakiki mzuri zaidi wa Kigogo niliowahi kuusikia. Swali lile linampeleka Sudi nyumbani kwa watu halisi na kumuuliza gharama ya msimamo wake ni nani atailipa. Tungeweza kukaa hapo saa nzima. Nikamwambia hilo halitahiniwi, tukaendelea na sifa za Majoka.

Mgagaa na upwa

Sasa nifike kwa kile kilichonifanya niandike haya.

Likizo ya Agosti mwaka huohuo alikuja msichana wa kidato cha nne kutoka upande wa Mutomo, kusini mwa Kitui, akikaa kwa shangazi yake Wote. Niliwapa methali: mgagaa na upwa hali wali mkavu. Ukiitazama vizuri, ni methali ya watu wa pwani. Upwa ni ufuo, na mwenye kuuzunguka hakosi kitoweo. Nilieleza maana ya ndani, juhudi na faida yake, nikasahau kueleza upwa ni nini.

Yeye akaamua upwa ni kando ya mto. Mto wenyewe, kama mito mingi ya kwao, huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi. Aliandika kuhusu susu yake, yaani bibi yake, anayechimba mchangani kwa bakuli la plastiki mpaka maji yachungulie, akingoja, akiteka kikombe kimoja kimoja kujaza mitungi ya punda. Aliandika kwamba kila familia ina shimo lake, limezungushiwa miiba ili mifugo wasilichafue, na kwamba kiangazi kikizidi shimo hushuka hadi ukiwa juu unaona kitambaa cha kichwa cha susu peke yake. Kisa kilianza alasiri. Hakikuwa na ndege hata mmoja. Mwishoni susu anapanda na mtungi nusu, jirani asiye na shimo anaomba maji, na susu anampa kabla ya kufika nyumbani. Usiku wanakula mlo mkavu kabisa. Methali, kwa maneno mengine, inashindwa. Mwenye juhudi anakosa kitoweo kwa sababu amekigawa.

Nilimpa tisa kwa ishirini. Hiyo ni kiwango cha C; A huanzia kumi na sita. Chini nikaandika kwa kalamu nyekundu: mapambo hakuna, maana ya methali umeikosa, anza upya. Akaanza upya. Safari hii mvuvi alirauka alfajiri na mapema, akatweka tanga, akarudi na samaki, akajenga kasri. Nikampa kumi na saba na kuisoma mbele ya darasa.

Nijitetee kidogo, kwa sababu utetezi upo. Ili kuingia chuo kikuu unahitaji gredi ya C+. Kwa mtoto wa shule ya kutwa huko Mutomo, alama nane za insha si suala la falsafa. Msahihishaji ana rundo la karatasi na muda mfupi, na methali iliyoshindwa inaweza kusomeka kama methali isiyoeleweka. Nilikuwa nampeleka mahali palipo salama. Mimi mwenyewe nilifika chuoni kwa twiga wa aina hiyohiyo, na kilichonirudisha ni karo, si insha.

Lakini utetezi huo una tundu. Mwongozo wa kusahihisha, ule unaozunguka kila mwaka pamoja na karatasi za zamani, hautaji soseji. Unatafuta mawasiliano, mtiririko, msamiati unaofaa, ubunifu, usahihi wa lugha. Mwandishi wa shimo la mchangani alikuwa na karibu vyote. Alichohitaji ni aya moja ya kuonyesha kwamba anajua methali inasema nini kabla ya kuigeuza. Kazi ya mwalimu ilikuwa kumwonyesha aya hiyo, jambo la dakika kumi. Badala yake nilimtupia kisa chote, kwa sababu kumpa mvuvi kulikuwa rahisi kwangu. Tumezoea kusema mtihani ndio unaua ubunifu. Mara nyingine mtihani umeacha mlango wazi na sisi wa tuisheni ndio tumeufunga, kwa kuwa mlango uliofungwa ni rahisi kuutolea fotokopi.

Kabla ya 2027

Watu wataniambia haya yote yanapita. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027, na gredi ya tisa wameanza mtihani wao wa KJSEA mwaka 2025. Mtaala mpya unazungumzia umilisi, si kukariri. Sawa. Lakini wenye saiba hawajafunga. Vikundi vya WhatsApp vinavyouza insha za mfano sasa vinauza miradi ya mfano, na anayeziandika huenda ni kijana kama mimi, mwenye lugha na asiye na kazi. Utanzu haufi kwa sababu mtihani umebadilishwa jina.

Ningekuwa nafundisha leo, misemo ningeiacha. Ningewapa hata zaidi. Ila kwa kila insha ningedai vitu vitatu ambavyo jirani yako kwenye dawati hawezi kuviandika: mahali panapojulikana, kazi ya mikono unayoijua hatua kwa hatua, na neno moja lililosemwa nyumbani kwenu, hata kama ni la Kikamba, ilimradi ulieleze kwa Kiswahili. Kitabu teule ningekisoma kwa sauti chote, hata kama mwongozo ungebaki kwenye mkoba hadi Septemba. Na swali la yule mvulana wa mjomba mchongaji ningeliandika ubaoni.

Yule msichana alipita. Baada ya miezi mingi alinitumia ujumbe: "Shikamoo mwalimu, naomba unisomee barua." Ilikuwa ya kuomba basari, na fomu ilimtaka aeleze hali ya nyumbani. Nikaifungua. Ilianza kwa furaha ghaya na bashasha. Ilikuwa na bahari ya matatizo, na machozi njia mbilimbili. Ukurasa mzima, na hakuna mahali unapojua anatoka wapi, anaishi na nani, au kwa nini hana pesa. Susu hakuwemo. Shimo halikuwemo. Nilimfundisha vizuri sana.

Ile insha ya kwanza nilikuwa nimeipiga picha siku ile, sijui kwa nini. Labda sehemu fulani yangu ilijua. Nikamtumia, kalamu nyekundu na yote, nikamwambia aandike barua yake kama alivyoandika hapo. Akanijibu kwa sauti, kwanza akicheka. Halafu akauliza, "Kwani mwalimu, hayo mambo ya kuchimba maji si ni aibu kuyaandika?"

Nikamwambia si aibu, na kwamba aliyekosea ni mimi.

Akanyamaza kidogo. "Na wakininyima?"

Sikuwa na methali ya kumjibu. Nilimwambia aandike, anitumie kwanza mimi, na safari hii sitatumia kalamu nyekundu. Barua ilifika usiku. Ilianza alasiri.